Nilimpigia Mara Tatu

3 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute wewe na binti yako mkiwa wazima. Mimi nipo kama mlango wa zamani: sijang'oka, ila kila bawaba inalia. Supu hufika kifuani kabla haijafika kinywani, na muuguzi ameanza kunifunga kitambaa shingoni. Nilimwambia, "Mwanangu, nilisomea ufamasia miaka mitano ili nije nivalishwe bibu?" Akanijibu, "Bibi Mizani, ulisomea dawa, hukusomea supu." Tukacheka mpaka nikapaliwa.

Nakuandikia asubuhi, baada ya kidonge cha pili. Kabla hakijafanya kazi mimi ni ukuta. Kikizidi najinyonganyonga kama nguo inayokamuliwa. Katikati napata saa moja na nusu ya kuwa mtu, na leo nimekupa wewe yote.

Nina ombi. Daktari wangu wa ubongo anafanya utafiti. Seli za ubongo hupelekeana ujumbe kwa kemikali mbalimbali, na mojawapo inaitwa dopamini. Zangu zinazoitengeneza zinakufa, ndiyo maana natetemeka. Yeye anataka kujua kwa nini dawa ileile ya kuongeza dopamini humkalisha sawa huyu na kumvuruga yule, na anaamini sehemu ya jibu imo katika jeni tulizorithi kwa baba na mama. Anahitaji mate ya ndugu wa tumbo moja, na umebaki wewe peke yako. Nimekuwekea kichupa humu. Tema, funga, rudisha. Kwa mara moja maishani dada yako anakuruhusu umtemee mate.

Mbusu binti.

Dada yako

*

19 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo, tumefurahi kusikia bado unagombana na wauguzi. Mate haya hapa. Yamechelewa kwa sababu binti alinichekesha kila nilipojaribu.

Afadhali nikuambie yanayonisumbua. Wiki iliyopita nilikuwa najalidi kitabu kikubwa cha sheria. Nilipofika katikati nikakuta karatasi isiyo yake: fomu ya chuo cha wakalimani. Binti ameipachika pale nisiikose. Anataka kusoma kazi niliyoiacha, na amesema bila radhi yangu haendi. Mimi radhi sina.

Akaniuliza kwa nini. Nikamsimulia yote, kwa mara ya kwanza, na wewe uliyekuwepo utaniambia kama nimepunguza. Nilimwambia juu ya Fundi Rangi, huyu anayekuja kunywa chai kila Ijumaa na kumwita yeye "mke mdogo". Kwamba miaka ishirini na miwili iliyopita mwenzake alikutwa amekufa chini ya ngazi, kwenye nyumba waliyokuwa wakiipaka, na yeye akashtakiwa. Kwamba hakujua lugha ya mahakama, na mimi ndiye niliyekuwa ulimi wake. Siku ya tatu alieleza kwamba alisimama dukani ng'ambo ya barabara akamtafuta mwenzake kwa simu. Akasema: "Nilimpigia mara tatu, hakujibu, nikaondoka zangu." Mimi nikamfikishia hakimu: nilimpiga mara tatu, hakujibu, nikaondoka zangu. Wakauliza, "Mara tatu?" Akasema, "Ndiyo, mara tatu." Wakauliza, "Mbona hukumsaidia?" Akasema, "Sikujua kama ameumia." Kila jibu lake la kweli likaingia katika kosa langu kama mguu kwenye kiatu chake.

Herufi moja, Dada. Kwa herufi moja alikaa ndani miaka sita, mpaka majaji wa rufaa walipokubali kuisikiliza kanda ya kesi, na mama yake alizikwa yeye akiwa humo.

Siku ile nilikuwa na mafua kidogo, ulinipa vidonge, nikaenda nikiwa mwepesi kabisa. Nakumbuka maneno yakija mengi kwa pamoja, yakigongana mlangoni kama wanafunzi kengele ikilia. Sijawahi kuwa hivyo kabla wala baada. Kwa hiyo najua kuna kitu ndani ya kichwa changu, kitu cha kuzaliwa, ambacho hukaa kimya miaka kisha kikaruka. Binti amekulia kwenye kanuni yangu: usichosikia usikijaze, uliza, ukishindwa kuuliza, acha wazi na useme umeacha wazi. Lakini kanuni haimsaidii mtu anayedhani amesikia.

Muulize daktari wako: kichwa changu kina hitilafu? Binti ameirithi? Chuo kinafunga maombi tarehe 30 Aprili. Nisaidie, Dada.

Mdogo wako,
Kasuku (jina ambalo sasa unaniita wewe tu)

*

14 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi naendelea, huku nikirudi nyuma. Majibu ya daktari bado. Watu wa maabara ni wazito, unawajua. Usimbane sana binti. Maji ya moto hayachomi nyumba.

Mkono umechoka mapema leo. Nisamehe kwa ufupi.

Dada yako

*

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hali zetu ni njema, ya kwako ndiyo inayonipa wasiwasi. Herufi zako zinapungua ukubwa. Barua ya Februari niliisoma kwa macho, hii ya Machi nimeisoma kwa lenzi ninayokagulia mishono ya vitabu. Mstari unaanza kama siafu na kuisha kama sisimizi. Muuguzi anajua?

Jambo la pili naliandika kwa shida. Binti hakuweza kungoja, akapiga simu hospitali. Karani akamwambia majibu yalichukuliwa na bibi mwenyewe tangu tarehe 6 Machi.

Kuna nini humo? Kama ni baya, mimi ni mtu mzima, niambie. Kama ni la binti, ndiyo zaidi. Anajitazama kwenye kioo kana kwamba litaonekana usoni.

Mdogo wako

*

9 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali, kwa kuwa najua nimekuharibia. Mle kwenye majibu hamna baya. Baya liko kwangu. Nimeandika barua hii kwa asubuhi nne, saa moja na nusu kila siku, na nimejilazimisha herufi kubwa ili usihitaji lenzi.

Daktari alinichorea juu ya bahasha. Mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndipo tunaposhikilia maneno kabla ya kuyatumia. Dopamini ikishafanya kazi yake pale, hufagiliwa. Mojawapo ya fagio zake ni kimeng'enya, yaani protini inayoivunjavunja, ambacho kasi yake inaamuliwa na jeni moja. Mimi nimerithi ufagio wa mbio, wewe umerithi wa polepole. Mwenye ufagio wa mbio, kikombe chake cha mbele huwa na upungufu kidogo: mpe dawa ya kuongeza, kichwa kinakaa sawa. Mwenye ufagio wa polepole, kikombe chake kimeshajaa hadi ukingoni. Mpe dawa ileile, akiwa na kazi nzito ya kushika mambo mengi, kinamwagika. "Si sheria kwa kila mtu," akaniambia, "jeni moja si mtu kamili. Ila ndivyo ilivyotokea kwa wengi tuliowapima." Kisha akatabasamu. "Huyu ndugu yako angefaa sana kwa kazi ya kushikilia maneno kichwani. Alifanya kazi gani?"

Nikamwambia: mjalidi vitabu.

Sasa sikiliza. Miaka ile ufunguo wa kabati la famasi ulikuwa shingoni mwangu. Kulikuwa na vidonge vyeupe vya watoto wasiotulia darasani, vya kuongeza dopamini hiyohiyo. Zamu zilikuwa ndefu, nikaanza kumeza nusu, kisha nusu nyingine. Ukungu uliondoka. Kila tarakimu kwenye cheti cha daktari ilisimama peke yake kama askari. Sikukosea dozi hata moja miaka minne, ndipo wakaniita Mizani. Sifa ile tangu mwanzo haikuwa yangu. Ilikuwa ya kabati.

Asubuhi ile ulikuja kwenye dirisha langu unapiga chafya. Ukasema, "Dada, nipe kitu. Mkuu wa wakalimani anakuja kutusikiliza leo na kichwa changu ni gunia." Nikakupa vidonge viwili. Ukauliza, "Na hiki cheupe?" Nikasema, "Cha mafua pia. Meza, Kasuku, ukaimbe." Kilikuwa kizima, si nusu. Nilitaka ung'ae kuliko mimi. Ndiye Mizani huyo, akampima mtu mwingine kwa mawe yake mwenyewe.

Jioni ulirudi ukicheka, ukasema umefasiri kama mtu anayeteremka mlima mbio. Nilifurahi. Naandika neno hilo kwa sababu ni la kweli: nilifurahi.

Mwaka mmoja baadaye ukaja na kanda ya mahakama. Ukaniketisha jikoni, ukairudisha sehemu ile mara nne. "Sikia, Dada. Gi-a. Gi-a. Inasikika wazi. Kwa nini mimi sikuisikia?" Sikujua habari za ufagio wakati ule, lakini nilijua nilichokumezesha. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, nikihisi hata ladha yake. Nikakuambia, "Kila mtu hukosea."

Ningefukuzwa, pengine ningefungwa. Hiyo ilikuwa sababu ya mwaka wa kwanza. Miaka iliyofuata sababu ilikuwa ileile iliyotangulia, kwamba sikusema jana. Nilikuona ukiacha kazi. Nilikuona ukiacha hata kuzungumza mezani. Wewe uliyekuwa ukirudia kila neno la kila mgeni mpaka mama akakupa jina la ndege, ukawa mtu wa uzi na gundi. Mimi nikakaa nikikutazama, nikakununulia mkasi.

Je, ni kidonge kilichokula ile herufi? Daktari hathubutu kuapa. Huenda ni mafua, huenda ni uchovu, huenda ni meno ya mbele ambayo Fundi Rangi hana. Mimi sitajua, wala wewe hutajua. Ninachokuachia ni hicho, na najua ni urithi mbaya. Lakini hitilafu ya kuzaliwa huna. Kama binti amerithi kichwa chako, amerithi kilichokufanya uwe hodari kuliko wote. Mpe radhi, mdogo wangu. Mimi usinipe chochote.

Dada yako

*

20 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Wiki ya sita sasa. Mbeba barua akipita, muuguzi hunitangulia dirishani na kutikisa kichwa kabla sijauliza. Jana alisema, "Bibi, kimya nacho ni barua." Nikamwambia hajui kusoma.

Sikudai jibu. Ila tarehe 30 imepita na sijui kama binti alienda. Niambie hilo tu, hata kwa neno moja kwenye kadi.

Kidonge sasa kinanipa dakika arobaini. Nyingi kati ya hizo nazitumia kutazama mlango. Ajabu, eti mimi niliyejaza kikombe chako bila kukuuliza, leo changu kinajazwa mara sita kwa siku, na bado ni kitupu.

Dada yako

*

4 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua yako ilifika tarehe 17 Aprili. Sikuijibu kwa sababu kila sentensi niliyoianza ilikuwa ya mtu mwingine, kama zamani. Nikakaa nangoja mtu aseme ili nifasiri, na hakuna aliyesema.

Nimejalidi kitabu kimoja kichwa chini mara mbili. Mwenye kiwanda akaniuliza, "Mzee, unaumwa?" Nikasema hapana, nimepona. Akanitazama vibaya.

Niliona Fundi Rangi ana haki zaidi ya kusikia kuliko mimi. Alikuwa akipaka mlango wangu. Hupaka kila mwaka, hataki nimzuie. Nikamsomea barua yako pale pale nje. Brashi ikadondosha rangi kizingitini, hakuiona.

"Soma tena pale pa kidonge," akasema. Nikasoma.

"Kwa hiyo si wewe."

"Labda si mimi."

"Na dada yako alitaka tu ung'ae."

"Ndiyo."

"Sasa mimi nimkasirikie nani, bwana? Ufagio?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaosha brashi vizuri, kama kawaida yake, akaondoka. Ijumaa ile hakuja kunywa chai. Hajaja tangu hapo. Mlango umebaki nusu bluu, nusu kijani, na watu wanaopita wananiuliza kama nimeishiwa rangi.

Hujui ulichokiondoa, Dada. Miaka kumi na sita tumekunywa chai pamoja kwa sababu mimi ndiye niliyemkosea na yeye ndiye aliyenivumilia. Kila mmoja alijua mahali pake mezani. Sasa sijui mimi ni nani kwake. Ulidhani unanipunguzia mzigo. Huenda umenipunguzia. Mtu aliyebeba gunia miaka ishirini na miwili, ukimtua ghafla anaanguka kifudifudi.

Nakulaumu? Asubuhi nakulaumu. Mchana nakumbuka ulivyokuwa ukinibeba mgongoni kwenda shule mvua ikinyesha, ili viatu vyangu visilowe, na vyako vikalowa. Sijui nifanye nini na vitu hivi viwili. Havijalidiki pamoja.

Binti. Tarehe 29 Aprili nilimwambia, "Nenda." Nilitaka kusema nimekuridhia, halikutoka. Akalichukua hilohilo "nenda" akakimbia nalo kama mtoto aliyepewa kipande cha mkate. Wamemkubali. Chuo kinafungua Septemba, na kabla ya hapo anataka kuja kukuuguza. Namtuma na barua hii.

Mimi nimepanga begi mara mbili nikalipangua. Nikija sasa nitakuja na hasira, na sitaki uage dunia ukiniona hivyo. Nikingoja ipoe, najua huna muda. Sijui kukusamehe, na sijui kukaa bila kukusamehe. Wewe ndiye mkubwa, niamulie. Niambie neno moja tu: nije, au nisubiri. Utakalosema nitalifuata.

Mdogo wako

*

29 Juni

Mdogo wangu,

Mwandiko ni wa binti yako, sauti ni yangu, au kilichobaki. Imepungua kama zilivyopungua herufi. Anaweka sikio karibu na mdomo wangu kama mtu anayesikiliza saa ya mkononi.

Tumepokea barua yako pamoja na mletaji wake, na mletaji amenipendeza zaidi. Hakubali nimwambie neno nusu. Jana nilimwambia "maji", akauliza, "Ya kunywa au ya kunawa, Shangazi?" Nikasema ya kunywa, akaleta. Muuguzi yeye huleta yote mawili.

Nimemsimulia mwenyewe habari ya kidonge, ingawa alishaisoma. Alilia kidogo, kisha akaniuliza kilikuwa miligramu ngapi. Huyo ni wetu.

Mwambie Fundi Rangi sina cha kumwomba. Mwambie hivyo hasa, usinipambie. Na kama hataki kusikia, usimwambie.

Kidonge kinanipa robo saa sasa, na leo sehemu kubwa nimeimalizia kwenye maji. Umeniuliza neno moja. Nimelifikiria siku tisa. Nimeona hasira yako, nimeona na viatu vyangu vilivyolowa. Jibu langu ni hili:

. . . . . . . . . .

*

Baba, shikamoo. Hapo nimeacha wazi.

Shangazi alisema neno. Lilikuwa "njoo" au lilikuwa "ngoja". Midomo yake haisogei tena sawasawa, na sauti ilikuwa pumzi tu. Ningeweza kuandika ninalolitaka mimi, na wewe usingejua. Lakini sikulisikia.

Nilisubiri kidonge kilichofuata, nikamuuliza tena. Kikapita. Nikasubiri kingine. Macho yake yako wazi, anapumua, na mkono wake umetulia, jambo ambalo muuguzi anasema si dalili njema.

Nimemuuliza mara tatu, hakujibu.

Binti yako